Viti vya Ubavuni

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Miaka tisa ni mingi, huenda limeshapona, au limelifundisha na la kulia tabia mbaya, lakini mimi nikikukumbuka nakuona bado unashuka ngazi kiubavuubavu kama kaa, huku unatukana kila kidato. Hapa kwangu afya si haba. Macho yananisumbua kidogo, ila mikono bado ina nguvu, na bado nipo kule kule kwenye chumba cha pasi cha hospitali, mashuka mia mbili kwa siku. Wanao huku hawajambo. Yule mkubwa amenenepa, yule mdogo amefuga ndevu ambazo hazijui ziote upande gani.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Hata mimi nimeshtuka kujiona nimekaa mezani naandika jina lako. Lakini tangu Jumamosi mshtuko umekuwa chakula changu, asubuhi na mchana, basi wacha nikugawie.

Nakuomba jambo moja: usikimbilie ukurasa wa mwisho. Nakujua wewe, kila kitabu ulikuwa unaanzia nyuma. Safari hii nisome kwa mpangilio, maana kuna kitu nimekutendea, na nikikitaja sasa hivi mkono utagoma kuendelea. Ninataka unisamehe, dada. Ila kwanza ujue unasamehe nini.

Mwezi uliopita nilikuwa nakunja nguo za mume wangu. Unalikumbuka lile koti lake la kazini, la mifuko sita, ambalo wewe ulisema mwenye koti lile hahitaji nyumba? Kwenye mfuko wa ndani nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Kuifungua, ni mchoro. Umbo kama la kwato ya farasi, jukwaa kwa mbele, mistari midogo midogo ya viti. Nikajua ni ule ukumbi mkubwa wa maonyesho, mkabala na posta, unaoupita kila siku lakini huingii. Alikuwa ameweka alama mbili za msalaba, na chini yake ameandika kwa penseli: roshani ya kwanza, 21 na 22. Na tarehe, Jumamosi, saa nane mchana.

Unajua alivyo na viti. Miaka ishirini na sita ya kumshikia mpima ardhi fito zake zilimharibu akili. Hata kwenye harusi ya watu hakai mpaka afumbe jicho moja na kupima. Alikuwa akituhubiria kwamba mjinga hununua kiti cha mbele kabisa, akarudi nyumbani amejua viatu vya waimbaji tu. Mwenye pesa hununua cha katikati, apate kuonekana. Mwenye akili hupanda roshani, mstari wa pili, kwa sababu ule wa kwanza chuma cha kushikilia kinakukata jukwaa kiunoni. Na kamwe usikubali kiti cha nyuma ya nguzo, hata wakikupa na soda. Basi nikasema moyoni, huyu mtu alikuwa ananiandalia jambo. Ishirini na moja na ishirini na mbili, mimi na yeye, bega kwa bega, kwenye mchezo wa nyimbo. Kwa miaka thelathini ya ndoa hajawahi kunipeleka popote ambako watu huimba isipokuwa msibani.

Swali la kwa nini sikumuuliza mwenyewe najua umeshalifikiria. Ngoja kidogo.

Nikaenda pale ukumbini siku ya mapumziko yangu. Kulikuwa na foleni, na dirishani alikuwapo mama mmoja mwenye miwani ya kuning'iniza kifuani, mtu mchangamfu. Nikamwambia nataka kununua ishirini na moja na ishirini na mbili, roshani, viti vya pamoja. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo, vimeandikwa hapa. Akacheka kwa upole, akanielewesha kwamba pale namba hazifuatani kama za nyumba. Namba witiri zote ziko upande wa kushoto, shufwa zote upande wa kulia. Ishirini na moja iko huku ubavuni, ishirini na mbili iko kule ubavuni, na katikati yake kuna ukumbi mzima. Kijana mmoja nyuma yangu akadakia kwamba, mama, kutoka ishirini na moja kwenda ishirini na mbili hapo unahitaji nauli. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, huku naifungua tena ile karatasi. Mume wangu hakuwahi kukosea kipimo hata cha pazia. Kama amechagua viti viwili vilivyo mbali namna ile, basi alitaka viwe mbali.

Yule mama, kwa huruma, akanishauri kama ninajali thamani ya pesa yangu niachane na vya ubavuni, nichukue katikati mstari wa nne, bei imezidi kidogo tu lakini nitaona mpaka kope za waimbaji. Huku anasema hivyo anapekua daftari lake, mara akasimamisha kidole kwenye mstari mmoja. Akasema hata angetaka kuniuzia asingeweza, viti vile vililipiwa miezi minne iliyopita. Akavuta droo, akatoa bahasha. Juu yake kuna jina langu, dada, kwa ule mwandiko wake wa herufi zilizosimama kama askari.

Akamkumbuka. Akasema bwana mrefu, wa koti la mifuko, alikuja mara tatu saa za chakula cha mchana, akaomba aingie ukumbini hamna watu. Akakaa kushoto, akakimbilia kulia, akarudi tena kushoto, anafumba jicho. Yeye akamwonya kwamba baba, kutoka huko utaona nusu ya jukwaa. Akajibiwa kwamba nusu inatosha, anachokinunua kiko upande wa pili. Tiketi ya ishirini na moja aliiacha, akasema atakuja kuichukua. Ya ishirini na mbili aliondoka nayo, akaomba kuelekezwa wanapouza stempu. Kisha yule mama akaniuliza, kwani mwenyewe yuko wapi? Nikamwambia hakuweza kuja.

Sasa nikuambie ukweli wa aibu. Sikufikiria jambo jema hata moja. Mwanamume anamnunulia mkewe kiti kushoto, anampelekea mtu mwingine kiti cha kulia kwa posta, na anahakikisha vinaonana. Nikasema kuna mwanamke. Labda mtoto wa nje, lakini zaidi mwanamke. Wiki mbili nimepiga pasi kwa hasira, msimamizi akaniuliza mashuka yamenikosea nini. Nikajiapiza nitakwenda, nitakaa kwenye kiti changu, nimwone huyo mtu uso kwa uso. Nikasuka nywele. Nikavaa gauni la kijani na hereni. Kama ni vita, basi vinikute nimependeza.

Jumamosi nikapanda ngazi zile, zina zulia jekundu lililochakaa katikati. Kiti changu kilikuwa pembeni kabisa, kimegeuka kidogo, kiasi kwamba ukikaa wima humtazami mwimbaji, unamtazama aliyekaa ng'ambo. Ishirini na mbili ilikuwa tupu. Mchezo ukaanza. Ulikuwa wa mwoka mikate anayetaka kumwoza bintiye, na kwa upande wangu niliiona tanuri lakini mlango sikuuona, kwa hiyo kila mgeni alinifikia kwanza kama sauti, kisha mkono, kisha mtu. Vyombo vya muziki vilinitetemesha mpaka kwenye meno. Lakini mimi macho yalikuwa kwenye kiti kile.

Wakati wa wimbo wa pili mwelekezaji akaingia kule na tochi, anamwongoza mtu. Mtu huyo alikuwa anashuka vidato vya roshani kiubavuubavu, kama kaa.

Nilidhani nimekufa. Nakuambia bila kuongeza chumvi, nilishika kile chuma cha mbele kwa mikono miwili. Ukakaa. Ukaweka mkoba magotini kama unavyofanya kanisani. Na kwa dakika moja nzima, Mungu anisamehe, nikafikiri lile baya kuliko yote: kwamba mwanamke mwenyewe ni wewe. Halafu taa za jukwaani zikawaka zote, ukainua uso, ukaniona. Mdomo wako ukabaki wazi. Ukainuka nusu, mtu wa nyuma akakuvuta ukae. Hakuna mwizi anayeshtuka vile. Nikaelewa kwamba hata wewe ulikuwa hujui umeitiwa nini.

Mimi nikafanya nini? Nikainama kama nafunga kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mapumziko yalipofika nikatoka mbio kabla taa hazijawaka vizuri, nikajifungia chooni, nikakaa, nikapandisha miguu juu. Bibi wa miaka hamsini na mbili, mwenye gauni la kijani, miguu juu. Na nikakusikia. Ulizunguka ukumbi mzima na goti lile, ukaja mpaka upande wangu. Ulikuwa unamuuliza mfagizi kama amemwona mwanamke mfupi, mwenye mwanya, ni mdogo wangu, ulisema, tumekosana zamani. Ukamwambia shemeji yako ndiye aliyekuandikia kwamba uje ukae, utazame ng'ambo, basi, hakuombi lingine. Halafu ukauliza, na sauti yako ilikuwa na furaha, dada, nilijua unatabasamu: "Amekuja na mumewe? Mrefu, hafichiki. Nimemtafuta kwa macho simwoni."

Sikutoka. Ulisimama pale mpaka kengele ilipolia, mimi nimeziba mdomo kwa pindo la gauni.

Sikutoka kwa sababu ningetoka ningepaswa kukujibu. Jibu ni hili. Hakuja kwa sababu hayupo. Shemeji yako alifariki miezi mitatu na siku tisa zilizopita, Alhamisi asubuhi, anafunga kamba za viatu aende kazini. Moyo tu. Niliisikia fito iliyoegemezwa ukutani ikianguka, nikafikiri ameiangusha, nikamgombeza kutoka jikoni. Neno la mwisho alilolisikia kwangu ni kwamba atanivunjia sakafu.

Na wewe hukuambiwa kwa sababu mimi nilikataza. Mkubwa alishika simu akupigie, nikamnyang'anya. Mdogo alilia akaniambia mama, yule ni mama mkubwa, nikamwambia atakayekuita asiniite mimi mama tena. Kwenye msiba wa mama yetu nilisimama mbele ya watu nikakuambia umekuja kama mgeni, baada ya wewe kumlipia hospitali mwaka mzima bila kumwambia mtu. Ukaondoka jua halijatua, na haki ulikuwa nayo. Mume wangu alinisihi miaka tisa nikuandikie, nikawa namjibu kesho. Alipokufa, niliogopa kwamba utakuja, na ukija utakuwa mwema, na mimi sitakuwa na pa kuuficha uso. Nikakuzika pamoja naye. Nilikuita mgeni kwa maneno, halafu nikakufanya mgeni kweli.

Nilitoka chooni wimbo ulipoanza tena. Sikurudi kwenye kiti. Pale chini yule mama wa dirishani aliona uso wangu akaniita ndani, akanipa maji. Nilipomwambia mwenye bahasha alikufa, akavua miwani, kisha akaniambia lililobaki. Siku zile alimuuliza mume wangu kwa nini asiwakalishe watu wake pamoja, viti vya pamoja ni rahisi kupata. Akamjibu kwamba hawa ukiwaweka bega kwa bega mmoja ataondoka kabla taa hazijazimwa, tena atakuwa mke wangu. Ukitaka kuisoma fito, alisema, simama mbali nayo.

Alinijua, dada. Alipima kila kitu isipokuwa choo.

Jumamosi hii nakuja kwako. Nimeomba ruhusa ya siku tatu kazini na msimamizi amenipa tano, nadhani mashuka yanataka kupumzika. Sitaandika tena wala kungojea jibu, maana nikingojea nitapata sababu. Nitagonga. Usipofungua nitakaa kizingitini na kikapu changu, majirani zako waulizane. Ukifungua, nitakusimulia msiba wake wote tangu mwanzo, nani alibeba, nani alichelewa, nani aliimba vibaya, udongo ulikuwa wa rangi gani, mpaka uwe umekuwepo. Kisha ulie, na unitukane, kwa mpangilio wowote utakaoutaka.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu hata kama wamekuwa wakubwa wa kukataa. Wanao wa huku wanakuamkia, shikamoo mama mkubwa. Nimewaambia leo asubuhi kwamba nakuandikia, na yule mwenye ndevu ndiye atakayeipeleka posta, anasema haniamini.

Ni mimi,
mdogo wako