Utumbo wa Bosi umetokeza nje, na fundi viatu keshatia uzi kwenye sindano

Mpendwa mshauri, mama yetu wa redioni, naomba msaada na naomba haraka, maana barua hii naiandikia hapa hapa kwenye benchi la mapokezi ya redio yenu, dada wa mapokezi kaniambia mshauri haonani na mtu uso kwa uso, kila mwenye shida aandike, nikamwambia dada, mimi shule niliishia njiani, mimi na kalamu hatujasalimiana siku nyingi, akanipa karatasi akasema andika kama unavyoongea, basi ndiyo hii, usinicheke mwandiko, cheka mengine, yapo mengi.

Mimi nauza viatu vya mitumba pale stendi ya mabasi, hatua chache tu kutoka nyumbani kwangu, wananiita Saizi Zote kwa sababu sijawahi kumwambia mteja saizi yako sina, kiatu kikiwa kikubwa natia soli ya ndani, kikiwa kidogo namwambia kitatanuka, tembea kwa imani. Sasa nimepata mbwa! Mtoto wa mbwa, mama, mweusi tii, miguu yote minne ana soksi nyeupe, nimemwita Bosi kwa sababu tangu aingie kwangu mimi ndiye niliyeajiriwa. Mke wangu hakumtaka, alisema nyumba yenyewe chumba na sebule, ukileta mbwa mmoja wenu atalala nje na bado sijaamua nani, lakini alipomwona Bosi anapiga chafya halafu anaanguka kwa chafya yake mwenyewe, kwisha habari, akamkatia shuka zuri la wageni. Sasa hivi mke wangu yuko kwa dada yake aliyejifungua, na kila jioni akipiga simu hataki hata kujua kama mimi nimekula, anasema niwekee Bosi nimsikie.

Sasa sikia. Jana asubuhi Bosi kakunja mgongo anajikamua, anajikamua weee, hakuna kinachotoka, halafu kikatoka kitu, chekundu, kinang'aa, kama soseji ndogo, kinaning'inia pale chini ya mkia. Mimi na furaha yangu ya kijinga nikadhani mbwa wangu anaota mkia wa pili! Nikatoka mbio kuita watu, njooni muone, Saizi Zote kapata mbwa wa mikia miwili, nikawapanga na foleni kabisa, watoto mbele, warefu nyuma. Muuza nyama wa jirani akainama, akatazama, akasema, "We Saizi Zote, huo si mkia. Huo utumbo."

"Utumbo gani?"

"Wa haja kubwa, ndugu yangu. Umegeuka nje kama soksi ukiivua vibaya. Lete hapa niukate, sasa hivi tu, nina wateja wananisubiri."

Fundi viatu, ambaye mimi na yeye tunagawana meza, akaruka, "Ukate nini wewe? Kila kitu kwako ni nyama? Kitu kimetoka kinarudishwa, kinashonwa. Mimi nashona buti la mwanajeshi, kitanishinda kitundu hicho?" Na uzi keshatia kwenye sindano, mama, ule uzi wa nta!

Nikawaambia wote wawili wakae mbali, nikamwingiza Bosi ndani, mkono ulishaenda kwenye kopo la dawa ya viatu nikauzuia, nikanawa, nikajaribu kukisukuma kwa kidole taratibu, na kikaingia! Nilirukaruka sebuleni kama nimefunga goli, nikambusu Bosi kichwani, Bosi akapiga chafya, kikatoka tena. Jioni mke wangu kapiga simu, Bosi kanyong'onyea hana hata sauti, nikaona nisimtie presha mwenzangu, nikabweka mwenyewe. Halafu akasema, "Mbona sauti imekuwa nene?" Nikamwambia anakua.

Na usidhani simlishi, anakula kuliko mimi, na hata nikiwa kazini napunguza soli za ndani, vile vipande vya sponji vinavyobaki ndiyo peremende zake, anatafuna anameza, siku hizi hata ufagio siutafuti.

Sasa mama, niambie, kisu au sindano? Muuza nyama na fundi viatu hawasemeshani kwa ajili yangu. Na mke wangu anarudi kesho, nimweleze, au niseme Bosi kaenda kusalimia ndugu zake? Daktari wa mifugo najua yupo, ila naona aibu kukatisha stendi nzima na mbwa mwenye soseji nyuma, na kusema kweli naogopa ataniambia huyu basi, tumchome sindano alale moja kwa moja, na mimi huyu mbwa nampenda, nikimpoteza sijui mke wangu nitamtazama vipi. Tuko naye hapa miguuni kwangu, ndani ya boksi la viatu. Anatingisha mkia. Ule wa kwanza.

Ni mimi, Saizi Zote, mlangoni kwako.

JIBU LA MSHAURI

Saizi Zote mwanangu, nakuona. Kioo cha studio kinatazamana na benchi ulilokaa, na spika ya hapo mapokezi inakuletea sauti yangu. Acha kunipungia mkono, shika boksi. Barua za wengine nimeziweka kando, wataniwia radhi, ndoa inaweza kusubiri hadi baada ya matangazo lakini utumbo ulioko nje hausubiri.

Nikupongeze kwanza, maana una moyo na hukumwachia mtu kisu. Sasa nikuseme. Jana ulipodhani ni mkia wa pili uliita mtaa mzima ukawapanga foleni. Leo umejua ni ugonjwa, unaona aibu kupita mbele ya watu wale wale? Aibu gani hiyo? Tangu jana asubuhi mtoto anaumwa, wewe unabweka kwenye simu!

Muuza nyama aendelee na kazi yake buchani. Kinachoning'inia pale ni utumbo ulio hai, damu inapita humo, ukikatwa kiholela mbwa anakufa mikononi mwako. Fundi viatu kidogo kakaribia, kwa sababu daktari naye huurudisha ndani na kushona kidogo pembeni ili usitoke tena. Lakini daktari anampa dawa asisikie maumivu, anatumia uzi safi, na anaacha nafasi mtoto apate choo. Fundi wako na uzi wake wa nta angemfunga mlango kabisa. Mwambie asante, akashone mabuti. Na wewe kidole chako kipumzike, usiusukume tena, unaweza kuuchana.

Halafu umeandika jambo kubwa ukalipitisha kama utani. Sponji! Mwanangu, unamlisha mtoto wa mbwa soli za viatu? Utumbo hautoki nje kwa kupenda kutembea. Unatoka kwa sababu mbwa anajikamua, na anajikamua kwa sababu kuna kitu: minyoo, kuharisha, au kimemkwama kitu tumboni. Ukirudishwa ndani na sponji bado imeziba, utatoka tena hata bila chafya. Mweleze daktari kila alichomeza, usione haya, na umwonyeshe kipande. Dawa ya minyoo usimpe mwenyewe, ajue daktari kwanza.

Dada wa mapokezi anakuja na maji safi ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na kitambaa kisafi. Lowesha kitambaa, ufunike hicho kinyama kisikauke, na uzuie asijilambe wala kujing'ata. Usimpe chakula sasa. Kama rangi inageuka kuwa nyeusi, kimbia zaidi ya unavyokimbia.

Wimbo ulipokuwa unapigwa nimeongea na daktari wa mifugo, yule wa nyuma ya soko, mlango wa bluu. Nimemsomea barua yako, amecheka mpaka akakaa, halafu akaniuliza, kingali chekundu? Nikamwambia ndivyo ulivyoandika, na mkia unatingishika. Akasema aletwe sasa hivi, wa namna hiyo wengi wanapona. Siwezi kukuahidi kitu ambacho hata yeye hajaahidi, lakini habari ya kumlaza moja kwa moja hakuitaja kabisa.

Akishashonwa, kazi ni yako. Chakula laini, kidogo kidogo, dawa mpaka ziishe hata ukimwona anacheza, kola ya plastiki shingoni hata kama analia, na ukiona anajikamua tena rudi kwa daktari, si kwa majirani. Na ufagio utafute! Kila kipande cha soli kiokotwe kabla Bosi hajarudi kazini.

Kuhusu mkeo, baba, unaniomba ushauri wa kumficha mtu jambo, unaniomba redioni? Simu ya studio inawaka tangu nilipofika kwenye ile mikia miwili nikisoma barua yako hewani. Kuna mwanamke anapiga kutoka kwa dada yake aliyejifungua, hana hasira na mbwa, hasira anazo ila si na mbwa. Anasema anatoka sasa hivi, mkutane kwa daktari. Ukimwona usianze utani. Mpe mbwa amshike, mweleze ukweli wote, halafu nyamaza aseme yeye.

Sasa mbona bado umekaa? Maji umepata, kitambaa umepata. Inuka. Boksi kwa mikono miwili, usikimbie ukamtikisa. Pita katikati ya stendi, wakicheka waache wacheke, wakiuliza waambie mgonjwa anapita, wapishe.

Haya, anakwenda. Vuta, mwanangu, vuta! Huo mlango hausukumwi!