Nusu ya Muhuri

Alhamisi, 8 Julai 1976

Tangu Waisraeli wavamie uwanja wa ndege wa Entebbe, na Kenya kulaumiwa kwa kuwasaidia, Mkenya hapa Kampala hana pa kujificha. Asubuhi wanajeshi wamepekua kwa Oloo, Mkenya mwenzangu. Wamekuta barua ya London — ya dada yake tu! — wakamwita jasusi, wakamtia kwenye buti ya gari.

Na mimi nina kabati zima la bahasha za ng'ambo. Nimejaza beseni maji, nimeloweka stempu zote zibanduke. Bahasha nimechoma jikoni, Nabwire akipuliza moto. Hata ile ya Zepelini! Lile puto refu la Wajerumani lililovusha barua mpaka Brazili zamani hizo. Mimi, niliyekuwa nikiwagombeza wenzangu wa klabu ya stempu: barua ya Zepelini hailowekwi, thamani yake ni bahasha na muhuri! Woga umenipumbaza.

Jumamosi, 10 Julai

Wamemchukua Nabwire. Mke wangu! Alikuwa soko la Kalerwe akinunua nyanya, lafudhi yake ya Busia ya Kenya ikamponza. Mama wa nyanya ameniletea kikapu. Anasema gari lilielekea Makindye, kwenye gereza la jeshi.

Sijala. Naona akipuliza ule moto.

Jumatatu, 12 Julai

Yu hai! Jirani yetu Kaltumi ana kaka yake askari kule Makindye, amemwona. Na kapteni wao anapenda stempu. Namkumbuka: alikuja kwenye maonyesho ya klabu, akaishika bahasha yangu ya Zepelini hadi nikaogopa hatairudisha. Akiipata, Nabwire anatoka.

Nikamuuliza Kaltumi kama utani, stempu peke yake haitoshi?

"Hapana, Wanyama. Yeye nataka na bahasha yake, na ile muhuri nyekundu. Bila bahasha, anasema hiyo ni karatasi tu."

Ana haki, mshenzi yule. Hata mimi ningesema hivyo. Sikuthubutu kumwambia Kaltumi kwamba nimeichoma. Nimesema aje kesho asubuhi aichukue.

Jumanne, 13 Julai

Nimepata bahasha kuukuu, nimeipaka chai ya rangi ichakae. Anwani nimeandika kwa mwandiko wa kulala, kama ule. Stempu nimebandika. Kwenye kona yake pana kipande cha muhuri mwekundu, ukingo tu wa duara. Sehemu nyingine ya duara ilikuwa kwenye bahasha. Ni majivu sasa. Nalimalizia kwa wino mwekundu.

Katikati ya duara palikuwa na picha ya puto lenyewe. Pua yake ilielekea wapi — kushoto au kulia? Miaka yote nimeitazama kila Jumapili baada ya kanisa, Nabwire akinicheka kwamba nimeoa karatasi. Na sikumbuki! Mungu wangu, sikumbuki. Yule kapteni atakumbuka.

Nabwire angejua. Alikuwa akiifuta vumbi.

Hodi mlangoni. Kaltumi, anasema kaka yake anangoja barabarani, nifanye haraka.

Nimechora pua kushoto. Wino bado mbichi —