Nani Akalie Kiti cha Baba

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe tano, mchana.

Mpendwa mwanangu Msumari,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Kifua chako je, baridi ya huko bado inakibana? Unakula sawasawa, au bado unajidanganya na chai? Na mchumba wako hajambo, yeye na wazazi wake? Mimi sijambo, ila goti la kushoto lina maneno mengi siku hizi kila nikiinama kugongea misumari. Mama yako hajambo. Sote huku ni wazima, isipokuwa kichwa changu, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Najua ungependa nipige simu. Lakini kwenye simu nikianza tu habari za Kiingereza unacheka, nami nacheka, salio linakwisha na nililotaka kusema limebaki kooni. Basi soma taratibu, na ukitaka kucheka, cheka huko huko.

Tangu uliposema kwamba wakwe zako wameandaa viti viwili mbele ya ukumbi, kimoja cha mama wa bwana harusi na kingine cha baba wa bwana harusi, na kwamba hicho cha baba unataka nikikalie mimi shangazi yako, kisha nisimame niseme maneno mawili matatu, sijatulia. Wewe nilikujibu sawa mwanangu, hakuna shida. Simu ilipokatika nikakaa juu ya rundo la sponji nikajiuliza nimekubali nini.

Ndipo nikajiandikisha masomo ya jioni ya Kiingereza, lugha ya wakwe zako. Tunasomea kwenye darasa la watoto wadogo, madawati mafupi, magoti yanakaribia kugusa kidevu. Jirani yangu wa dawati ni mwoka mikate, mtu mpole, ana unga mpaka kwenye masikio. Mwalimu ni mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba.

Mimi nilidhani Kiingereza ni maneno tu: unajifunza maji, unajifunza chakula, unasonga mbele. Kumbe kabla hujasema lolote juu ya mtu, lazima kwanza utangaze kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi tunasema amefika, basi, amefika. Ni nani, utamwona akiingia. Wao wana "he" na wana "she", na hakuna pa kupenya katikati. Mtu hajavuka hata kizingiti, umeshamkagua.

Mwalimu akachora safu nne ubaoni: majina ya kiume, majina ya kike, majina ya wote, na majina yasiyo na jinsia. Nikafurahi, nikasema hapa mambo yatanyooka. Yakapinda pale pale. Meli, akasema, wapo wanaoiita "she". Meli, chuma kitupu! Na mtoto mchanga, kama hujui ni wa kike au wa kiume, unaweza kumwita "it", kama ndoo. Nikainua mkono nikauliza, kwa hiyo meli ni mama wa watu na mtoto ni kitu? Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akasema tuendelee.

Wanyama nao usiseme. Sikatai, hata sisi tuna jogoo na tetea, tuna fahali. Lakini bata wao dume ana jina lake peke yake, kisha wakijichanganya wote wanaitwa kwa jina la jike. Mwoka mikate alifurahi sana, akasema angalau bata jike amepata haki yake. Wiki iliyofuata tukakariri majina ya kazi, mhudumu wa kiume hivi, mhudumu wa kike vile, na tulipomaliza mwalimu akatuambia siku hizi wengi wameacha kuwatofautisha, wote wanaitwa jina moja. Sasa tulikariri ili tusahau? Nilitoka darasani nikapita mlango wa nyumba yangu nikaenda kugonga wa jirani.

Lililonishika ni neno mjane. Kwetu mjane ni mjane. Wao mwanamke ana neno lake, na la mwanamume wamelichukua hilo hilo la mwanamke wakaliongezea mkia. Nilimfikiria mama yako, nikaifunga kalamu kabla sijamaliza kunakili.

Kisha tukaingia kwenye ukoo, na huko ndiko nilikopotea kabisa. Mimi shangazi yako ni anti. Mama yako mdogo, anti. Mama yako mkubwa, anti. Mke wa mjomba, anti. Hata jirani anayekupa peremende ni anti. Tumetiwa wote kwenye gunia moja. Na wanaume vivyo hivyo: baba mdogo, baba mkubwa na mjomba, wote anko. Nikamwambia mwalimu kwamba kwetu shangazi ni baba wa kike. Akashika chaki, akaniuliza basi amwandike safu ipi. Darasa zima likageuka kunitazama.

Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo uliniita hivyo, Baba, Baba wa Kike, unanifuata na nyundo yako ya mbao, na kila mara nilikukatiza. Nilikuonyesha picha ukutani nikakwambia baba yako ni yule pale, mimi ni shangazi. Sikutaka mtu amsogeze kaka yangu pale alipo. Hata mimi mwenyewe.

Sasa mjomba wako wa hotelini, unayajua masikio yake, habari zilimfikia. Amekaa mapokezi miaka na miaka, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba. Akaja karakana, akajibwaga kwenye kochi la mteja bila kuuliza.

"Dada, usijitese bure," akasema. "Kule anko ni anko, hawajali ni wa upande gani. Nikikaa mimi, hakuna atakayeuliza. Ukikaa wewe, watauliza."

Hakusema kwa ubaya. Mjomba wako anakupenda. Nimekuja kusikia kwamba suti ameshashona.

Ningembishia, lakini wiki ile ile nilijiaibisha darasani. Mwalimu alitaka kila mmoja asimame aeleze habari za ndugu yake mmoja. Nikamchagua baba yako. Nilijiandaa siku nzima nikiwa nakata vitambaa. Nikaeleza kwamba alikuwa seremala, kwamba alichonga fremu na mimi nikazivika, kwamba akikosea kipimo alikuwa hatukani, anapiga mluzi. Nikakaa chini nimeridhika. Mwoka mikate akanishika mkono, macho yamemlowa, akanipa pole kwa kufiwa na dada. Kumbe nilisema "she" tangu mwanzo hadi mwisho. Nilirudi nyumbani nimezika dada ambaye sikuwahi kuwa naye.

Cheka, najua unacheka. Lakini fikiria nimefanya hivyo mbele ya wakwe zako. Watauliza huyu kijana ana mama wangapi. Niliogopa, nakwambia wazi. Mimi nimeshachekwa sana duniani, nimezoea. Niliogopa wakucheke wewe, siku yako.

Na kulikuwa na hofu nyingine, ambayo sikumwambia mtu. Kiingereza kilikuwa kisingizio kizuri. Hata kama harusi ingefanyika hapa mtaani kwetu, na maneno yote nayajua, bado kile kiti kingekuwa cha kaka yangu.

Nikaenda kwa mama yako, nikamwambia kiti tumpe kaka yake. Nilitegemea afurahi, maana ni damu yake. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja, akaniwekea rundo mikononi nimshikie. Nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Juzi asubuhi mkokoteni ukasimama mlangoni kwangu. Juu yake kochi la baba yako, lile la mtu mmoja la pale dirishani, ambalo fremu yake aliichonga mwenyewe. Mama yako nyuma, kwa miguu. Akasema kitambaa kimechakaa, anataka livikwe upya kabla hatujasafiri. Nikamwambia wifi, nyumba tunaiacha tupu, haraka ya nini?

"Wewe ni fundi au si fundi?" akasema.

Nikavua kitambaa. Chini yake sponji ilikuwa ile ile niliyoiweka mimi wakati baba yako yu hai, na katikati yake kuna shimo lake. Limezama zaidi upande wa kulia, maana alikuwa hakai vizuri, aliegemea mkono huo akisikiliza redio. Tangu aondoke hakuna aliyelikalia. Mama yako hulifuta vumbi tu. Nilishika kisu nikashindwa kukata. Mama yako akaja akasimama kando yangu.

"Itoe," akasema. "Imechoka."

Tukaitoa wote wawili, yeye kule na mimi huku.

Nikakata sponji mpya, nikavuta kitambaa, nikapiga stepla, nikashona pembe. Kazi safi, kama unaniruhusu kujisifu. Nikajifuta mikono, nikasema tayari, mwite mwenye mkokoteni. Mama yako hakusogea.

"Hujalikalia," akasema.

Msumari, umekulia karakana hii, unaijua kanuni yangu. Sitoi kochi kabla sijalikalia mwenyewe. Uwe mkubwa wa ofisi, uwe na gari linanguruma nje, utanisubiri nikae kwanza, nisikilize springi, nisikie pembe zinavyovuta. Kochi ambalo fundi hajalikalia halijaisha. Nikamwambia mama yako, hili si la kukaliwa na mimi.

"La nani basi?" akasema. "Kaka yangu ana makochi yake kwake."

Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayehesabu vijiko, kwamba kwenye mikutano yote ya wazazi shuleni kwako, mwalimu alipouliza baba wa mtoto huyu yuko wapi, aliyesimama na gundi mikononi nilikuwa mimi. Na siku zote hizo nilikaa kiti chochote kilichokuwa wazi, sikuuliza ni cha nani.

Nikakaa.

Nililia, sitakuficha. Nililia kwa sauti, na mama yako akaketi kwenye mkono wa kochi akalia naye, na mteja aliyekuja kuulizia viti vyake akarudi nje kimya kimya. Tulipotulia, kazi ikanirudia mwilini. Nikajitikisa kulia, nikajitikisa kushoto. Springi nzuri. Pembe moja ilikuwa imelegea. Nikashuka, nikaikaza, nikakaa tena, na safari hii sikulia.

Basi waambie wakwe zako ninakuja, na nitakaa kwenye kile kiti karibu na mama yako. Wakiuliza, waeleze wewe, lugha yao unaiweza. Nitakaposimama nitasema kwa lugha yangu, na mjomba wako atasimama pembeni na suti yake atafsiri. Yeye ndiye ahangaike na hao "he" na "she". Nilipomweleza alinuna kidogo, lakini nasikia sasa anafanya mazoezi mbele ya kioo cha mapokezi na wageni wanamshangaa.

Masomo siachi. Nimeambiwa nchi nayo huwa "she" wakati mwingine, na jua ni mwanamume na mwezi ni mwanamke pale watunga mashairi wanapotaka. Mimi sielewi, mwoka mikate haelewi, na nina wasiwasi hata mwalimu. Ukija kujua ni nani alipanda meli akahakikisha kwamba ni mwanamke, niandikie.

Mchumba wako alitaka kujua aniite nani. Mwambie asiumize kichwa na safu za ubaoni kama mimi. Aniite vile unavyoniita wewe. Na wewe niite unavyotaka, mwanangu. Sitakukatiza tena.

Mjomba wako anakusalimu, na mama yako mdogo, na mama yako mkubwa ambaye anataka kujua kama huko kuna viatu vipana. Mwoka mikate naye anakusalimu ingawa hakujui. Mama yako amesimama nyuma yangu, anasema nisisahau kukwambia uvae sweta. Nifikishie salamu kwa mchumba wako, baba yake na mama yake, na yule binamu yako wa huko, Kijiko, mwambie bado namdai ziara.

Mungu akutunze wewe na nyumba unayoianza, awape amani mezani na usingizi mzuri, na akiniwekea uzima atufikishe huko salama.

Wako akupendaye, leo na siku zote,

Baba yako,
fundi makochi.