Kioo cha Kobe Nimekitoa, Ufunguo Sitoi

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili mchana, tarehe 14

Mpendwa kaka yangu,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Ndivyo Mama alivyotulea, na leo namtii kwa shida sana. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wameshapona mafua? Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na soksi? Na mgongo wako je, ule uliokushika ulipobeba kabati peke yako kwa ubishi? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini akishawasha jiko na kupata mtu wa kumgombeza anapona. Mtu huyo mara nyingi ni mimi.

Haya, salamu zimekwisha.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikifungua mdomo umeshajibu, na nikipandisha sauti unasema mtandao mbaya. Baba hakukosea kuniita Kelele, lakini hata kelele inahitaji mtu wa kuisikiliza. Barua hii nampa jirani yetu mshonaji, anakuja huko kumwona mwanawe. Nimemwambia akukabidhi mkononi, kisha akae hapo hapo mpaka umalize kusoma.

Umemwagiza baba mdogo aje achukue ufunguo wa Kobe. Umemwambia gari la marehemu Baba lifunikwe turubai, lifungwe na kufuli, lisiguswe na mtu mpaka utakaporudi, kwa sababu eti mimi naliharibu. Neno hilo limenichoma, kaka. Wewe unaliona gari hilo kwenye picha ukutani kwako, mimi ndilo linalonifikisha kazini. Unajua fika kwamba tanuri la mikate huwashwa usiku wa manane, wakati hakuna usafiri wowote barabarani, na msimamizi wa tanuri ndiye mimi. Ukimfunga Kobe umeifunga na kazi yangu. Na dawa za magoti ya Mama zinatoka kwenye mikate hiyo, si kwenye picha.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana ulichosikia wewe ni nusu, tena ile nusu ya kioo tu.

Kobe unamjua, amejiinamia chini kama jina lake. Ukikaa ndani unalingana na matairi ya malori. Zamani haikuwa shida, taa za magari yote zilikuwa hafifu. Siku hizi magari yamekuwa marefu, na taa zake nyeupe kama za chumba cha upasuaji, na zote zinaniangukia machoni. Juu ya hayo, kioo cha mbele kilikuwa kimechubuliwa na waipa miaka nenda rudi. Mchana huoni kitu, unadhani kioo kizima. Usiku taa za anayekuja zikikipiga, kila mchubuko unawaka kivyake na kioo chote kinageuka cheupe. Hapo unaendesha kwa kuikumbuka barabara, si kwa kuiona.

Ndivyo nilivyomgonga muuza maziwa. Alikuwa pembeni na baiskeli yake, mahali pake, hana kosa lolote. Lori likaja na taa kamili, nikashika breki nikiwa sioni hata boneti ya gari langu mwenyewe, nikasikia kishindo. Niliposhuka baiskeli ilikuwa mtaroni, madumu yamepasuka, na baba wa watu ameketi kwenye lami ameshika bega huku maziwa yanampita miguuni. Nilijua nimeua.

Hakufa, namshukuru Mungu. Bega lilivunjika. Mpaka leo mkono umefungwa, na mkewe ndiye anayesukuma baiskeli. Nikikutana nao nasalimia huku nimeinamisha kichwa, nao wananijibu vizuri, jambo linaloniumiza zaidi.

Nilipokupigia kukuambia, unakumbuka ulichouliza? Hukuuliza mtu yule ana hali gani. Hukuuliza kama mimi nimeumia. Uliuliza kama taa ya Baba imepasuka. Nilibaki na simu mkononi nikashindwa hata kukutukana, na unajua kwangu hilo si jambo dogo.

Kisha ukanitumia miwani ya njano. Eti ya kuendeshea usiku, huko kwenu kila mtu anayo. Niliivaa kwa moyo mmoja. Taa zikawa za njano, nakubali, zikapendeza kabisa. Lakini mlinzi wa kwetu kiwandani, aliyekuwa na koti jeusi, sikumwona mpaka alipoligonga gari kwa rungu. Nikaenda kwa daktari wa macho. Akanipima, akasema macho yangu hayana ubaya wowote, ila miwani ya rangi inapunguza mwanga wote, ule unaonichoma na ule ninaouhitaji. Akauliza nani kanipa. Nikasema kaka yangu. Akairudisha kwenye kifuko chake kwa adabu. Siku hizi Mama anaivaa akikata vitunguu.

Fundi wa vioo naye siku ya kwanza alinipoteza. Alinibandikia karatasi nyeusi juu ya kioo chenye michubuko, akaniambia sasa taa zitakoma. Zilizokoma ni taa zangu mimi, nikawa kama ninayeendesha ndani ya gunia. Niliibandua kwa kucha kando ya barabara, nikamrudia asubuhi na uso ambao hakutaka kubishana nao. Ndipo akasema ukweli ambao angeusema tangu mwanzo, kwamba kioo kile kimekwisha, dawa yake ni kukitoa. Bahati nzuri kioo cha Kobe ni bapa, hakina mkunjo, kwa hiyo alikata kipya, kile cha tabaka mbili kisichomwaga vipande kikivunjika. Huo ndio uharibifu wangu.

Mengine nimeyafanya kwa mikono yangu. Vioo vya pembeni na vya nyuma nilivisafisha kwa ndani, kwa maji ya sabuni na siki kidogo, halafu nikavikausha kwa kitambaa. Hata kile cha zamani nilikuwa nimekifuta kabla hakijatolewa, na kitambaa kilitoka na rangi ya chai. Ni moshi wa sigara za Baba, kaka, ulikaa pale tangu tukiwa shule. Utando ule ukipigwa na taa unazitawanya kioo kizima. Ungependa nikuhifadhie na huo? Nimeweka mto mgumu kwenye kiti ili nipande juu kidogo. Kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma, ambacho kilinirushia usoni taa zote za walio nyuma yangu, nimekibadilisha na chenye kitufe cha kukiinamisha usiku. Taa ya dashibodi nimeifunika nusu kwa plasta. Na fundi wa umeme amezishusha taa za Kobe mwenyewe, maana zilikuwa zinamulika matawi ya miti, nami huku nalaani wenzangu kumbe nawapofusha. Gari likija sizitazami taa zake. Napunguza mwendo, natazama ukingo wa barabara upande wangu mpaka lipite.

Leo naendesha nikiona. Mtu akiwa na baiskeli pembeni namwona kabla hajanisikia. Nilitegemea kaka yangu aseme ahsante.

Kioo chako kipo, sijakitupa. Nimekifunga kwenye blanketi nyuma ya kabati langu, na stika za Baba za bima bado zimo, moja juu ya nyingine. Ukija kichukue, ukitundike sebuleni, ukilalie, shauri yako. Kwenye gari ninaloendesha mimi hakirudi.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu. Ulimwambia baba mdogo kwamba Baba aliliendesha gari hilo na kioo hicho hicho mpaka alipougua, na hakulalamika hata siku moja, kwa hiyo tatizo si kioo, tatizo ni dereva. Jana alikuja kuniambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Alikuwa ameketi sebuleni, turubai mapajani, kufuli mfukoni, na maskini hakuwa na raha na kazi uliyompa. Alikuwa akirudia tu, "Mimi nimetumwa, mwanangu, mimi nimetumwa." Nilikuwa nimesimama mlangoni na ufunguo ngumini, tayari kwa ugomvi ambao mtaa mzima ungeusikia.

Mama ndiye aliyenizuia. Alitoka jikoni anafuta mikono, akasema, "Shemeji, mume wangu usiku alikuwa haoni." Aliyasema kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Baba mdogo akaliacha turubai likamteleza mapajani.

Kaka, kama umesimama, kaa.

Unaukumbuka usiku uliosafiri. Sote tunaukumbuka, maana hujatuacha tuusahau. Baba alikuahidi atakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe, na Kobe aliogeshwa tangu asubuhi. Saa ya kuondoka ilipofika akasema kichwa kinamuuma, uitiwe teksi. Ulimpa mkono bila kumtazama. Ukaondoka na kinyongo, ukakaa nacho, ukawaambia watu kwamba mzee hakutaka ufanikiwe. Alipokuwa akikupigia ulimjibu ndiyo na hapana. Alipougua ulisema utakuja likizo ijayo, na likizo ijayo ikakukuta tumeshazika.

Mama anasema jioni ile, giza limeshaingia na wewe ukifunga mizigo, Baba alilitoa gari peke yake kuijaribu njia. Alifika kwenye kituo cha mafuta, pale barabara kuu inapoanzia. Magari yakamjia mbele na taa zake, asione kitu, akapanda ukingo na kusimama inchi chache kutoka kwenye ukuta. Alirudi polepole, amelowa jasho, akaketi kitandani akamwambia Mama, "Siwezi kumuua mwanangu njiani." Kisha akamwapisha asikuambie. Ulikuwa ukiwaambia marafiki zako wote kwamba hakuna dereva kama baba yako, na alitaka uondoke ukiamini hivyo. Usiku mwingine wowote baada ya huo hakuushika tena usukani.

Alidhani macho yake yamezeeka, na Mama naye aliamini hivyo miaka yote. Mimi macho yangu ni mazima, ndiyo maana Mama hakuwa na wasiwasi nilipoanza kuendesha usiku. Alianza kushtuka alipoona rangi ya kitambaa kile, akaja kuelewa nilipoanza kuona vizuri na kioo kipya. Unanielewa, kaka? Huenda Baba hakuwa na ugonjwa wowote wa macho. Huenda kilikuwa ni kioo tu. Hicho hicho unachotaka nikuhifadhie kwa kufuli ndicho kilichomzuia kukusindikiza.

Nina hasira na wewe. Nina hasira na Baba pia, Mungu anirehemu, kwa kuona haya kumwambia hata fundi mmoja kwamba usiku haoni. Na Mama nimemnunia tangu jana kwa kutunza kiapo mpaka mtu wa watu akavunjika bega. Jana usiku tanurini nimeunguza mikate, jambo ambalo sijalifanya tangu niajiriwe, na mwenye kiwanda aliponiuliza nina nini nikamwambia nina kaka.

Baba mdogo alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata makaburini hakulia. Alipomaliza akalikunja turubai lake, akanywa chai, akaenda zake. Ufunguo hakuuomba tena.

Ufunguo ninao mimi, na utabaki kwangu. Kama bado unataka kugombana, njoo tugombane uso kwa uso. Najua ndege za huko zinatua usiku. Usiite teksi. Nitakuja kukuchukua na gari la Baba, utakaa mbele karibu yangu, nami nitakufikisha nyumbani ukiwa mzima. Ndiyo kazi aliyotaka kuifanya yeye.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa alichonitumia nimekishona gauni na limenikaa vizuri. Wabusu watoto, yule mdogo mbusu mara mbili. Shangazi anakusalimu na anauliza kwa nini hupigi simu. Baba mdogo naye anakusalimu, ila ameomba usimtume tena. Mama yuko hapa pembeni yangu, hajui kusoma mwandiko wangu lakini anauona uso wangu, na anasema niandike kwamba yeye hana hasira nawe, anataka tu kukuona kabla magoti hayajamshinda kutoka nje kukupokea.

Mungu akulinde huko uliko, akulainishe moyo, akufikishe.

Wako akupendaye, hata kwa leo,

Mdogo wako,
Kelele