Likizo ya Pua

Jumatano, 12 Machi

Tumefika. Safari yenyewe haikuwa safari — usingizi haujanikolea, naambiwa teremka. Shamba liko juu ya vilima vile vile ninavyoviona kila siku nikianika vitambaa vya unga nyuma ya duka. Miaka yote hiyo navitazama, sijawahi kuvipanda. Mume wangu anasema huo ndio uzuri wa kupumzika jirani, ukisahau mswaki unarudi kuuchukua. Fundi saa huyo. Hata mapumziko anayapima.

Chumba cheupe, kitanda kikubwa, dirisha linatazama zizi la ng'ombe. Mama mwenye shamba katuomba radhi kwa harufu ya samadi. Anasema wageni wa mjini hulalamika siku ya kwanza, siku ya pili wanazoea. Mume wangu akanitazama. Nikasema wala hainisumbui. Kweli tupu.

Sisikii kitu. Tangu yale mafua ya Januari, pua imefunga duka. Si kwamba imeziba — napumua vizuri, hata kukoroma nakoroma, nimeambiwa. Ila harufu hakuna. Kahawa ni maji ya moto. Sabuni ni kitu cha kuteleza. Na mwokaji mikate asiyesikia harufu ni — basi, nisiandike upuuzi siku ya kwanza.

Nitaandika tu, hapa hanioni mtu. Wiki iliyopita mikate iliungua tanuri zima nami niko kaunta, hatua chache tu, nacheka na mteja. Moshi niliuona kwa macho, sikuusikia kwa pua. Wifi, dada yake mume wangu, ndiye aliyekimbia kufungua mlango wa tanuri. Hakunisema. Afadhali angenisema! Jioni tukakaa watatu tukakubaliana: nikapumzike mpaka Jumapili, na Jumatatu kama pua bado, Wifi anashika tanuri, mimi nahamia kaunta moja kwa moja. Nilikubali mwenyewe, kwa mdomo wangu. Tanuri lile alinifundisha mama, na alianza na pua kabla ya unga. Funga macho, mwanangu, niambie mkate umefika wapi.

Nimefungua begi. Chupa nne za daktari zimo, zimejificha ndani ya soksi za mume wangu. Limau, karafuu, waridi, mkaratusi. Natakiwa kunusa kila moja asubuhi na jioni, huku nakumbuka ilivyokuwa. Nilikuwa nimeziacha nyumbani makusudi. Aliyezibeba amelala, au anajifanya.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala fofofo. Nimeamka alfajiri kwa mazoea, nikatoka na shuka begani nikakaa juu ya ukuta wa mawe. Kutoka pale mji wetu wote unaonekana, na kama unajua pa kutazama, unaona bomba la tanuri letu. Nikasubiri moshi. Kumekucha, bado. Jua limechomoza, bado. Hatimaye ukatoka, mwembamba, wa aibu aibu. Wifi amechelewa kuwasha. Nikampigia. Kasema kila kitu kiko sawa, amewahi, mikate inakaribia. Nikamwambia nipo mlimani namwona. Akacheka mpaka simu ikamponyoka.

Baadaye katuma picha ya mikate. Maskini, imepauka kama imetoka kulazwa. Nikaandika jibu refu kuhusu moto wa kwanza na moto wa pili, nikalifuta. Nikaandika: mizuri. Ananisaidia, nitaanzaje kumkosoa nikiwa nimekaa kwenye nyasi.

Mume wangu na michezo yake. Asubuhi kanisogezea kikombe puani, eti anakipooza. Mchana jani la mlimau, eti nione lilivyo kijani. Nikamwambia akinisogezea kitu kingine namng'ata kidole. Nimemwapisha: kuanzia leo hakuna kuniuliza habari za harufu. Hata neno lenyewe asilitamke mpaka nilitamke mimi. Akainua mkono kama shahidi mahakamani. Akasema sawa, basi atazungumzia saa. Akazungumzia saa mpaka usingizi ukanipitia pale pale kwenye nyasi.

Lakini niseme haki. Jua lilikuwa la kiasi, upepo mzuri, na nikiwa nimelala ndama mmoja akaja akanilamba goti. Ulimi wake ni kama msasa. Nilicheka kwa sauti. Sijacheka hivyo tangu Januari.

Chupa nimenusa. Maji, maji, maji, maji.

Ijumaa, 14 Machi

Aibu ya mwaka.

Nilikuwa zizini natazama ng'ombe wakikamuliwa. Ghafla — mkate unaungua. Si kama, si labda. Mkate! Ganda la chini, ule uchungu wake wenyewe ninaoujua tangu utotoni. Nikapiga kelele moto, moto, nikakimbia jikoni kiatu kimoja mguuni, nikabeba ndoo ya maji ya kuoshea vyombo nikaimwaga yote juu ya jiko. Puu! Majivu mpaka darini.

Juu ya jiko kulikuwa na birika la chai. Chai tu. Mkate haujawahi kuokwa katika nyumba ile. Huwa wananunua mjini, na nilipodadisi, wananunua kwangu.

Mama mwenye shamba alisimama na majivu kwenye nyusi, ananitazama. Akasema, "Dada, kama hutaki chai si useme tu." Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu hakucheka. Alishajua. Daktari alituonya kwamba pua ikiharibika huweza kudanganya, ukasikia harufu isiyokuwepo, na mara nyingi ni ya kitu kinachoungua. Daktari huyo huyo alisema huenda ni dalili ya kupona, na huenda isiwe dalili ya chochote. Daktari naye! Angenyamaza tu.

Nimefua mapazia ya jikoni. Nimesugua jiko mpaka limeng'aa kuliko tulivyolikuta. Nimelia nyuma ya tangi la maji. Sikulia kwa aibu, aibu nimeshazoea. Nililia kwa sababu kutoka zizini mpaka jikoni nilikuwa nimeshapona. Nilikuwa nakimbia huku nafurahi. Napiga kelele za moto na moyoni nashukuru Mungu.

Mume wangu alinifuata akasimama kando yangu, mkononi ana kiatu changu cha pili. Hakuuliza kitu. Kiapo amekishika, na mtu asiyemjua hawezi kujua ilivyomgharimu. Akaniambia saa ya ukutani ya nyumba hii iko nyuma na inamtesa. Nikamwambia nenda kaitengeneze. Akaenda mbio. Basi angalau fidia tumeacha.

Chupa sikuzigusa leo.

Jumamosi, 15 Machi

Pwani. Tumeteremka upande wa pili wa vilima na bahari hii hapa. Kumbe muda wote ilikuwa nyuma ya mgongo wetu. Nyumba ya wageni ina vyumba kadhaa na wageni ni sisi peke yetu. Mama mwenye nyumba alitueleza kabla hatujashusha mizigo: bahari imetapika mwani wiki nzima, umerundikana ufukweni unaoza, wageni wote wamekimbia, na sisi tukitaka kugeuza gari hatatulaumu. Mume wangu alikuwa ameshaziba pua kwa mkono wa shati. Nikasema tunakaa.

Mbona raha! Ufukwe mzima wangu. Nimetandika taulo katikati ya uvundo, nimemenya chungwa, nimenyoosha miguu. Watu wanapita barabarani kule juu wameziba pua, wananishangaa. Mume wangu amejifunga kitambaa usoni kama jambazi, akaja akaketi nami hivyo hivyo. Nikamwambia leo katika ndoa hii mzima ni mimi, mgonjwa ni yeye. Kitambaa kikatikisika. Alikuwa anacheka.

Mchana mama mwenye nyumba akaleta mkate. Jamani. Ungeweza kuzuia mlango usifungwe na upepo. Kakiri anauoka mwenyewe na hajui anakosea wapi. Nilikuwa nimeapa sigusi unga mpaka Jumatatu. Kidogo tu, najikuta jikoni kwake, mikono imezama mpaka viwiko.

Hapa niandike polepole. Mikono haijasahau kitu. Hamira yake imekufa nusu, nimeijua kwa povu. Unga umekunywa maji ya kutosha, nimeujua kwa kidole. Umeumuka, nimeujua kwa kuubonyeza nikauona unavyorudi taratibu. Ulipoingia ndani ya oveni, nikabaki bila kazi. Hapo ndipo huwa natumia pua. Nikapiga magoti mbele ya mlango, mama mwenye nyumba akadhani nasali. Nilikuwa nasikiliza. Mkate mbichi una kelele zake, unachemka ndani kwa ndani, na ukikaribia kuiva unanyamaza. Labda nimekuwa nikisikia hivyo miaka yote bila kujua. Nikautoa, nikaugonga kitakoni, ukalia wazi, kama mlango wa mtu unayejua yupo ndani. Rangi yenyewe ninayoitaka. Mume wangu alivua kitambaa ili aule, akaula na uvundo wote. Akaomba kipande kingine.

Mama mwenye nyumba hakuamini kama ni unga ule ule wa kabatini kwake. Nimemwachia donge jingine linaumuka polepole, ataliingiza mwenyewe kesho mapema, anataka tuamke tukute mkate wake mezani. Nimemweleza habari ya moto. Nimemsisitiza asitoke jikoni. Ameitikia, lakini naona anaipenda sana redio yake iliyoko barazani.

Nimewaza ufukweni jua likizama. Jumatatu nitamwambia Wifi tushike tanuri wote wawili. Mimi nikande, nisikilize, yeye anuse. Kaunta tutafute mtu. Bado inaniuma kuandika kwamba pua itakuwa ya kwake. Ila hainiumi kama Jumatano. Jumatano nilidhani nimekwisha. Sijakwisha, nimegonga mkate leo ukaniitika.

Chupa: maji, maji, maji. Limau — kwenye limau nimekawia. Kulikuwa na kitu. Si harufu, siwezi kusema ni harufu. Kama mtu amepita nje ya chumba. Sijamwambia mume wangu. Ataninunulia gunia la malimau.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi, bado kitandani. Leo tunarudi. Mume wangu anakoroma chini ya kitambaa chake, amelala nacho usiku kucha.

Nimeamshwa na mkate unaoungua.

Sisogei. Ni ule ule wa Ijumaa, ganda la chini, uchungu ule ule. Nimebana pua kwa vidole, umeondoka. Nimeachia, umerudi. Ijumaa sikujaribu hivyo, nilikuwa na haraka ya kuzima chai ya watu. Kwa hiyo sijui maana yake.

Moshi siuoni. Mlango umefungwa, chini yake hakuna kitu. Dirishani naona mawimbi tu na lile rundo la mwani. Nasikia redio. Iko barazani na mama mwenye nyumba anaimba nayo, barazani huko huko.

Pua, nakuomba. Usinifanyie hivi mara mbili.

Nimejiambia nihesabu pumzi, itapita. Haipiti. Inazidi. Na sasa kuna kingine chini yake, kinaingilia dirishani, kizito, cha chumvi, kibaya — kibaya kabisa, kama samaki aliyesahaulika kwenye mfuko. Ijumaa hiki hakikuwepo. Najua ni nini, nilikikalia jana ufukweni nikala chungwa. Sitaki kukiandika jina nikakifukuza. Machozi yanadondokea karatasi, wino unatawanyika, basi na utawanyike.

Sitamwamsha. Akiamka nikamwambia, atakimbia jikoni, na kama hakuna kitu atarudi na ule uso wa Ijumaa alipokuwa ameshika kiatu. Siwezi kuuona tena uso ule. Nikae hapa hapa niandike mpaka ipite. Naandika. Naandika.

Kukoroma kumekatika. Amegeuka. Nimeinamia daftari kama sina habari. Amekaa kitandani, kitambaa kimeteremka shingoni, macho nusu. Anavuta hewa. Anavuta tena. Kiapo chake cha Alhamisi amekisahau kabisa, masikini, bado yuko usingizini. Anauliza, jamani, nani anaunguza mkate?

Ameshateremsha miguu, anapapasa viatu chini ya kitanda, anauliza tena, mama, wewe husikii?

Naandika kwanza, kisha namjibu. Nasikia.