Karatasi Niliyoandika Juu ya Baba Yako

S.L.P. 418,
Kahama.
9 Juni, 2025.

Mpendwa mwanangu Generosa,

Shikamoo yako ya kwenye barua nimeipokea, marahaba sana. U hali gani huko Njombe, na baridi ya mwezi huu inawatendeaje? Mumeo Athanas kifua kimepona? Na mjukuu wangu Wema ameanza kutembea, au bado anaburuza makalio sakafuni?

Mimi mjomba wako siwezi kukudanganya, hali yangu si nzuri. Daktari anasema moyo umetanuka. Miguu imevimba mpaka viatu vimekataa, na nikiandika mistari kumi inabidi niegemee ukuta kwanza. Barua hii ni ya siku ya nne sasa.

Nilifurahi kusikia umepewa umeneja wa zamu kiwandani kwenu. Ila nilipofika pale unaposema mlijaza fomu za kupima haiba, na kwamba mwalimu wa semina alikuambia una wasiwasi mwingi na matumaini machache, na sasa unaniuliza mimi niliyekuwa ofisa utumishi ufanyeje ili ubadilike, niliiweka barua yako chini. Sikuweza kuimaliza siku hiyo.

Generosa, fomu kama hiyo niliwahi kumjazisha baba yako.

Mwaka 2009 nilikuwa mkuu wa utumishi kwenye mgodi ule wa njia ya Nyarugusu, uliofungwa zamani. Baba yako Maduhu, shemeji yangu, alikuwa msimamizi wa zamu chini ya ardhi. Wakubwa walituletea mtaalamu wa saikolojia chanya. Alitufundisha kwamba kiongozi mwenye matumaini, uchangamfu na kujiamini huwainua walio chini yake. Hata leo siamini kwamba alisema uongo. Tuliyoyafanya na elimu ile yalikuwa yetu wenyewe.

Tuliwajazisha wasimamizi fomu zile za haiba, kisha tukaanzisha desturi. Kila asubuhi kabla ya kushuka, kila msimamizi alitaja jambo jema la siku, nami nilimpa alama ya uchangamfu. Marwa wa zamu ya pili alikuwa bingwa. "Leo mke wangu kanipikia bila kuninunia, jamani, dhahabu itajileta yenyewe!" Watu walikuwa wanashuka wakicheka. Baba yako zamu yake ikifika alisema kila siku hilo hilo: "Jana tuliingia kumi na sita, tukatoka kumi na sita."

Siku moja Marwa akamtania, "Maduhu, wewe hata harusini utauliza jeneza liko wapi!" Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka, nikiwa na kalamu mkononi.

Nilimwita ofisini nimsihi ajitahidi kuchangamka, maana alama zake zilikuwa za mwisho na watu walishaanza kusema namkingia kifua kwa kuwa ni shemeji. Aliniangalia kwa upole. "Shemeji," akasema, "mimi kazi yangu ni kuhesabu watu. Nikishika kucheka, nitapoteza hesabu."

Wiki ile ile alileta taarifa ya maandishi. Ilisema kwamba matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za handaki la tatu, yanalia kwa kuelemewa, na kwamba watu wasishushwe mpaka yabadilishwe. Taarifa zote za wasimamizi zilipitia kwangu kwanza. Nilichukua kalamu nikaandika chini yake kwa mkono wangu: "Mwandishi ana haiba ya wasiwasi, isomwe kwa kuzingatia hilo. Napendekeza ahamishiwe stoo." Mkubwa alisaini bila kuuliza swali. Hakuna aliyekwenda kuyatazama matimba.

Marwa akapewa zamu ya baba yako. Siku ya kumi na moja handaki liliporomoka. Walikufa watu watatu, na Marwa mmojawao.

Unakumbuka kilichofuata, ingawa ulikuwa darasa la sita. Baba yako alikuwa amewaonya watu wake kwa mdomo vilevile, basi mtaa mzima ukaanza kuulizana: Maduhu alijuaje? Mbona yeye alikuwa stoo siku hiyo? Wakasema amewatoa wenzake kafara ili apate dhahabu. Wewe mwenyewe ulirudi shuleni ukilia kwamba hakuna anayetaka kukaa dawati moja na wewe.

Neno langu moja lingetosha kuyanyamazisha. Wakaguzi walikuja, wakaniuliza kama kulikuwa na onyo lolote la maandishi. Nikawaambia hapana. Karatasi ile, niliyokuwa nimeichomoa kwenye faili, ilikuwa ndani ya koti langu. Niliogopa jela, na kuliko jela niliogopa kuonekana mjinga, mimi msomi wa ukoo.

Mlipofungasha kuhamia Njombe nilikuja stendi. Baba yako alinishukuru kwa kuja, akasema ni mimi peke yangu niliyekuja. Sikumwambia. Alipokufa na kuzikwa huko mbali, ukoo wake wa Shinyanga ukikataa arudishwe nyumbani, nilituma rambirambi. Dada yangu Agnetha, mama yako, alipokuwa mahututi alinishika mkono akaniuliza, "Kaka, kweli mume wangu alifanya lile?" Nikamjibu apumzike. Ng'wana wane, mwanangu, mama yako alikufa bila jibu, na jibu lilikuwa kwangu, limekunjwa kwenye Biblia.

Wiki iliyopita nilimwomba Ritha, binti yangu, anipeleke kwa Eufrasia, mjane wa Marwa, anayeuza mchele hapa sokoni. Nilimsomea karatasi mbele ya magunia yake. Mteja akaondoka bila kuhudumiwa. Kisha akasema, "Mzee Sostenes, yule baba alikuja kumzika mume wangu, nikamnyang'anya koleo mbele za watu. Sasa nitamwomba radhi nani?" Aliniuliza kama Maduhu ana mtoto. Nimempa namba yako. Usipotaka kupokea simu yake, ni haki yako.

Kuhusu swali lako la umeneja, sina ujuzi uliobaki wa kukufundisha. Uchangamfu si kosa. Marwa alikuwa mtu mwema, na watu walimpenda kwa haki. Lakini mfanyakazi akikuletea hofu yake, nenda kaitazame hiyo hofu kwanza, kabla hujamtazama yeye. Na hao wanaosema una wasiwasi wa kupita kiasi, uwaambie umeurithi kwa mtu aliyewatoa salama watu kumi na sita kila siku kwa miaka tisa.

Karatasi yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ni yako. Ukiipeleka kwa wazee wa ukoo wenu, au polisi, sitakulaumu.

Sikuombi msamaha, maana naona ningekuharakisha kwa kuwa nakufa. Nimefanya hili tu: nimeandika mwenyewe wasifu wangu wa kusomwa siku ya mazishi. Hakuna shule nilizosoma wala vyeo. Kuna taarifa ya baba yako neno kwa neno, maandishi yangu chini yake, na uongo niliowaambia wakaguzi. Ritha aliposoma alilia. "Baba, hili ndilo watu wakukumbukie?" Nikamwambia ndiyo. Watu wa Nyarugusu watakuwepo, na wale wa ukoo wa baba yako waliomkataa watakuwepo, maana msibani kwangu hawatakosa. Nimemwagiza asisome mtu mwingine kama wewe umekuja.

Uje, mwanangu. Si kunizika. Uje usimame mbele yao uwasomee jina la baba yako.

Msalimie sana Athanas, umbusu Wema kwa niaba yangu. Ritha anawasalimu. Mungu awalinde mwingiapo na mtokapo.

Wako akupendaye, ingawa alichelewa kukupenda kwa kweli,

Mjomba Sostenes.