Mkumbatie Jirani Yako

Shoga uko wapi? Nina hasira!

Ile semina ya "chuo chenye upendo" si ilikuwa leo? Mlezi wa wanafunzi akaamuru kila mtu amkumbatie jirani yake. Jirani yangu nani? Yule mhadhiri aliyeniita mzigo mbele ya darasa!

Akanikumbatia, akaninong'oneza: "Ukinisemea tena, somo langu utalirudia mpaka uote mvi."

Kumbe kipaza sauti alichohutubia nacho kilikuwa bado kwenye kola yake. KIMEWASHWA. Ukumbi mzima umesikia. Mpaka uote mvi!

Mlezi akacheka: "Mnaona utani wa kifamilia? Makofi!"

Wakapiga, wanafiki wakubwa.

Na mimi nikapiga. MIMI! Viganja bado vinaniwasha.